Waridi huchanua hata kwenye joto la Mombasa

Yeyote aliyewahi kununua mche wa waridi kando ya barabara mjini Mombasa anaijua hadithi hii. Mche umesimama ndani ya mfuko mweusi, majani yanameta, ua moja jekundu limefunguka nusu na jingine li njiani. Muuzaji anakuapia kwamba hauna shida, ni maji tu. Unalipa, unaupandisha hadi orofa ya tatu, unauhamishia kwenye chungu cha haja na kuuweka kwenye roshani. Wiki ya kwanza wageni wanausifu. Wiki ya tatu majani ya chini yanageuka manjano. Mwezi wa pili unabaki na vijiti vitatu vyenye miiba, na jirani anakuuliza kama hizo kuni ni za kuuza.

Mimi hadithi hiyo nimeipitia mara tatu, kila mara kwa Sh500, na kila mara mke wangu alikuwa na swali moja tu: fedha hizo si zingenunua samaki? Sikuwa na jibu. Nilianza kuamini yale yasemwayo na wengi, kwamba waridi ni ua la bara, la Limuru na Naivasha, na anayelipanda Pwani anashindana na maumbile.

Imani hiyo hata hivyo ina kasoro. Wazee wa Mji wa Kale wamekuwa na waridi majumbani mwao tangu zamani. Neno lenyewe limetoka kwa Kiarabu, na katika vikuba wanavyovaa akina mama wakati wa harusi, waridi hukaa pamoja na asumini, rehani na mkadi. Maua hayo hayakuwa yakingoja kuletwa kwa treni kutoka bara. Mengi yalichumwa uani, kwenye madebe.

Debe la Kibokoni

Mwaka 2021, mche wangu wa tatu ukiwa umekwisha kufa, nilikwenda mtaa wa Kibokoni kumjulia hali mama ya rafiki yangu. Uani kwake, ukutani upande wa magharibi, palikuwa na debe kuukuu la samli lililopakwa chokaa nyeupe na kuwekwa juu ya matofali mawili. Ndani yake mlikuwa na mwaridi wa kimo cha kifua changu, na ulikuwa na maua kumi na moja. Nilihesabu. Hayakuwa makubwa kama yale ya dukani. Yalikuwa ya waridi iliyopauka, malegevu, na harufu yake ilikuwa imefika mlangoni kabla yangu. Ilikuwa mwezi wa Februari, wakati kaskazi inavuma na hata paka wanatafuta kivuli.

“Shikamoo, Bi Mkubwa.”

“Marahaba, mwanangu. Wautazama mwaridi wangu?”

Nilimweleza misiba yangu mitatu. Hakucheka. Aliniuliza swali moja tu, ninautia maji saa ngapi. Nikamwambia ninapotoka kazini, saa moja ya usiku, na ili kuupoza huwa ninaurashia maji kuanzia juu mpaka chini, majani yote yakarowa.

“Wewe mwenyewe hulali na nguo mbichi,” akasema. “Mti waulaza umerowa wa nini?”

Nilipofika nyumbani nilianza kusoma, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba Bi Mkubwa, ambaye hajawahi kufungua kitabu cha kilimo, alikuwa amekwisha kuligusa donda penyewe. Joto peke yake haliui mwaridi. Kinachoua ni mambo mengine manne au matano yanayofuatana na joto, na karibu yote yako mikononi mwetu.

Mche wa bara na usiku wa Pwani

Tuanze na mche wenyewe. Naivasha iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Mchana kuna jua la kutosha, usiku kuna baridi ya kutafutia blanketi. Mashamba ya huko hukuza waridi za kuuzwa ng'ambo ndani ya nyumba za plastiki, ambako mvua haigusi majani na dawa hunyunyizwa kwa ratiba. Aina zinazopandwa zilichaguliwa kwa sababu zina shina refu, ua la kufumbata na uwezo wa kukaa siku nyingi ndani ya chombo cha maji mezani kwa mtu huko Ulaya. Hakuna aliyezichagua ili zivumilie roshani ya Kisauni.

Mombasa mwezi wa Februari na Machi joto la mchana hufika nyuzi 32 au 33 za Selsiasi, na usiku huteremka hadi 24 au 25 tu. Shida kubwa iko katika huo usiku. Mchana majani hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua. Usiku mti hupumua na kuitumia, na kadiri usiku unavyokuwa wa joto ndivyo unavyoitumia kwa wingi. Mwaridi wa bara ukiletwa hapa ni kama mtu anayepokea mshahara uleule ilhali kodi ya nyumba imepanda maradufu. Hauna akiba. Maua yanakuwa madogo, yanapauka, yanafunguka asubuhi na kupukutika siku ya pili. Ugonjwa mdogo ukiupata, hauna nguvu ya kuota majani mapya.

Kwa hiyo jambo la kwanza, na kwa maoni yangu ndilo lenye uzito kuliko mengine yote, ni kuchagua mwaridi unaofaa. Aina zinazovumilia joto la unyevunyevu zinajulikana duniani kote. Ni zile za ukoo wa waridi za China, pamoja na jamaa zao wanaoitwa waridi za chai kwa ajili ya harufu. Hizi hazihitaji majira ya baridi ili zichanue. Huchanua mwaka mzima, vijiti vyao ni vyembamba, miiba si mingi, na hata zikipoteza majani huota mengine upesi. Ndizo zinazopandwa pia kusini mwa Marekani, katika majimbo kama Florida, ambako wakati wa kiangazi joto na jasho ni sawasawa na la kwetu.

Jina moja la kutafuta ni 'Old Blush', waridi ya China ya rangi ya waridi iliyopauka ambayo Wazungu wamekuwa nayo tangu karne ya 18. Jingine ni 'Mutabilis', ambayo ua lake hubadilika rangi kutoka manjano hadi nyekundu kadiri siku zinavyopita. Hata katika bahari yetu hii ya Hindi ukoo huo una historia. Katika kisiwa cha Réunion, ambacho zamani kiliitwa Bourbon, wenyeji walikuwa wakipanda waridi kuzunguka mashamba yao. Mwanzoni mwa karne ya 19 waridi ya China ilichavushana na ile ya Damaski, ukazaliwa mche mpya. Mbegu zake zikapelekwa Ufaransa, na hadi leo waridi za kundi hilo huitwa Bourbon.

Hapa naomba kuondoa kosa moja ambalo nami nililishika kwa muda mrefu. Wengi wetu tukinusa marashi tunadhani waridi yake ni hii ya uani. Sivyo. Marashi yaliyosifika ya Oman hutoka Jabal Akhdar, milima ya kiasi cha mita 2,000, ambako kuna majira ya baridi ya kweli. Waridi ya huko ni ya Damaski, nayo huchumwa kwa majuma machache tu, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mapema Mei. Ukiileta Mombasa itakupa majani na huzuni. Iache kwenye mrashi.

Miche yenye majina haihitaji kutafutwa mbali kabla ya kuuliza majirani. Mwaridi ulioishi miaka 10 kwenye ua wa mtu Majengo, Likoni au Malindi umekwisha kufanya mtihani na kufuzu. Usiulize jina lake. Omba kijiti.

Chombo, na ukuta unaochoma

Mtu aishiye kwenye fleti hana ardhi, ana roshani. Wala hilo si balaa. Kwa Mombasa chombo kina faida yake, kwa kuwa sehemu kubwa ya ardhi ya hapa imekaa juu ya mawe ya matumbawe. Udongo wake una chokaa nyingi, na mwaridi haupendi chokaa nyingi. Ndani ya chombo wewe ndiwe unayeamua udongo uwe upi.

Kosa la watu wengi ni udogo wa chombo. Kibati cha lita tano ni cha kuoteshea, si cha kuishi. Mwaridi mdogo utaridhika na ndoo ya lita 20, yaani sawa na debe. Mwaridi mkubwa unataka chombo cha upana na kina cha sentimita 40 au zaidi, kama nusu ya pipa. Toboa matundu sita au manane chini, ya ukubwa wa kidole kidogo.

Kosa la pili ndilo lililoua mche wangu wa pili, nami sikujua. Nilikuwa nimeupanda kwenye ndoo nyeusi na kuiweka juu ya sakafu ya saruji, upande unaopigwa na jua la alasiri. Udongo ulio karibu na ukuta wa chombo cheusi kilichopigwa na jua unaweza kupita nyuzi 45. Mizizi myembamba inayonyonya maji iko huko huko pembeni, na kwenye joto hilo hupikwa. Mti ukipoteza mizizi hunywea hata kama udongo umerowa. Mwenye mti akiona unanywea huongeza maji, na mizizi iliyobaki huoza. Ndivyo nilivyofanya.

Tiba yake ni rahisi. Chombo kiwe cheupe, au kipakwe chokaa kwa nje kama debe la Bi Mkubwa. Kikae juu ya matofali ili hewa ipite chini. Chungu cha udongo kisichopakwa rangi ni bora zaidi, kwa sababu maji hupenya polepole kwenye kuta zake na kuupoza, kama ule mtungi wa maji ya kunywa wa bibi zetu. Ukipenda, tumbukiza chombo ndani ya kingine kikubwa na ujaze makumbi ya nazi katikati. Hata gunia lililozungushwa nje linasaidia.

Jua linalotakikana ni la asubuhi. Saa tano au sita za jua, kuanzia saa moja hadi saa sita za mchana, kisha kivuli. Roshani inayoelekea mashariki ni bahati. Inayoelekea magharibi ndiyo ngumu kuliko zote, maana jua la saa tisa huko halina huruma, na hapo itabidi utundike chandarua cha kivuli au mkeka. Kwa wenye roshani za kaskazini na kusini, kumbukeni kwamba hapa kwetu jua huhama. Kuanzia karibu tarehe 10 Machi hadi mapema Oktoba, jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Miezi iliyobaki huwa upande wa kusini. Roshani iliyokuwa na kivuli mwezi wa Juni inaweza kuwa tanuri mwezi wa Januari, na aliye na chombo juu ya matofali ana nafasi ya kukisogeza. Aliyepanda ardhini hana.

Udongo na chumvi

Mchanganyiko ninaoutumia sasa ni sehemu mbili za udongo mwekundu, sehemu moja ya samadi iliyooza kabisa, na sehemu moja ya vumbi la makumbi. Samadi mbichi huchoma mizizi. Ikiwa bado ina harufu ya zizi, ingoje. Usitie vipande vya matumbawe chini ya chombo ati ili maji yapite, kwa maana hiyo ni chokaa unayoiweka mezani kwa mgonjwa wa chokaa. Dalili yake ni majani machanga kuwa manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Maana yake mti umeshindwa kunyonya chuma. Wapo wanaofukia misumari yenye kutu, lakini katika udongo wa chokaa kutu hiyo haiyeyuki ikanyonyeka. Kuna chuma kilichotengenezwa mahsusi kwa mimea katika maduka ya pembejeo, nacho hufanya kazi.

Makumbi nayo yana siri yake. Katika vijiji vya Pwani, makumbi yalifukiwa kwenye matope ya bahari ili yalainike, yapate kusokotwa kamba. Yaliyopitia huko yana chumvi. Yaloweke kwenye maji baridi, umwage, urudie mara mbili au tatu.

Chumvi ndiyo inayotumaliza wengi bila kujitambulisha. Maji ya mfereji ya Mombasa yanatoka mbali, mengine Mzima Springs kule Tsavo, mengine Baricho, nayo ni mema kwa mwaridi. Lakini sote tunajua mfereji una siku zake. Ukikauka tunanunua mitungi kwa wenye mikokoteni au tunachota kisimani, na visima vingi vilivyo karibu na bahari vina maji ya munyu. Maji yakikauka kwenye chombo chumvi hubaki. Baada ya miezi michache kingo za majani huungua na kuwa kahawia, na juu ya udongo huonekana utando mweupe. Ikiwa huna budi kutumia maji ya kisima, kila baada ya wiki mbili au tatu mimina maji matamu mengi, mara mbili ya ujazo wa chombo, yapite mpaka chini na kuichukua chumvi. Mvua inayonyesha hukufanyia kazi hiyo bure.

Jirani yangu mmoja ana kiyoyozi ambacho kilikuwa kikidondosha maji mchana kutwa juu ya kichwa cha kila apitaye. Nikamwomba kuweka mtungi. Maji hayo hayana chumvi kabisa, na siku za joto, ambazo mti ndizo unazoyahitaji, ndizo yanazopatikana kwa wingi. Maji ya kuoshea mchele na mboga pia yafaa, mradi hayajatiwa chumvi. Ya kufulia nguo mwagieni kwingine.

Ukungu wa kusi, utitiri wa kaskazi

Sasa turudi kwa Bi Mkubwa na nguo mbichi. Ugonjwa mkuu wa waridi katika sehemu zenye unyevu ni madoa meusi. Huanza majani ya chini. Doa la ukubwa wa punje ya pilipili manga, kingo zake zimechanika kama manyoya, kisha jani zima lageuka manjano na kuanguka. Unaletwa na ukungu ambao mbegu zake huhitaji jani liwe limerowa kwa muda wa saa saba hivi mfululizo ndipo ziweze kuota na kuingia ndani. Jani likikauka kabla ya hapo, mbegu zimekosa. Kwa hiyo anayenyunyiza majani saa moja ya usiku, katika mji ambao hewa yake haikauki hata kukicha, anaupa ukungu kitanda na chakula cha jioni.

Mwagilieni alfajiri au asubuhi mapema. Maji yaende kwenye udongo, si kwenye majani, na yamiminwe hadi yatokee chini. Siku za kaskazi chombo cha debe kitataka maji kila siku. Siku za kusi chomeka kidole hadi kiungo cha pili, na ukikuta unyevu uache. Jani lenye doa liondoe na lililoanguka liokote, usiliache juu ya udongo likiambukiza mengine. Msibananishe vyombo, upepo upite katikati ya mti.

Madoa meusi hushamiri katika mvua za masika, Aprili hadi Juni, wakati joto limepungua kidogo na majani hayakauki. Hapo hata mwaridi wa China utapoteza majani. Usiung'oe. Utarudi. Dawa za ukungu zipo madukani, lakini kwenye roshani ya futi nne ambamo nepi za mtoto zimeanikwa na sufuria zinakaushwa, mimi sipendi kuzinyunyiza. Afadhali mti upoteze majani kumi.

Kaskazi ikifika anakuja adui mwingine. Utitiri mwekundu ni mdudu mdogo kama chembe ya vumbi, hukaa chini ya jani na kufyonza. Jani hupauka, huwa na vitone vidogo vidogo kama lililomwagiwa unga, na ukitazama kwa makini utaona nyuzi nyembamba za utando. Kwenye joto la nyuzi 30 kizazi kimoja hukamilika kwa muda wa juma moja hivi, kwa hiyo ukisubiri mwisho wa mwezi umechelewa. Hapa ndipo mahali pa pekee ninapokubali kurowesha majani. Asubuhi, kabla ya saa mbili, yapige maji kwa nguvu upande wa chini, jua liyakaushe. Yakizidi, tia kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji katika lita moja, upake chini ya majani jua likiwa limepungua, kisha suuza. Wanaokaa karibu na bahari watafaidika pia na kuosha huko kwa asubuhi, maana upepo wa kusi huacha chumvi kwenye majani.

Jambo jingine ni la kuhusu watu, wala si mti. Vile visahani vinavyowekwa chini ya vyungu ili maji yasichafue sakafu ni mazalio ya mbu anayeuma mchana, yule anayeeneza dengue na chikungunya. Mombasa iliona mlipuko wa dengue mwaka 2013 na 2014, ikauona tena 2021, na kati ya milipuko hiyo mwaka 2017 na 2018 ikapita chikungunya iliyowaacha watu wakitembea kama wazee wa miaka 90. Ondoeni visahani. Ikiwa jirani wa chini analalamika kwa matone, jazeni kisahani changarawe hadi juu, na hata hivyo kimwageni kila baada ya siku mbili.

Kukata, kulisha

Vitabu vingi vya waridi viliandikwa na watu wa nchi za theluji, nao husema mti ukatwe hadi vibaki vishina vya futi moja. Msifuate. Huko mti umelala miezi minne na umeweka akiba mizizini. Huku kwetu haulali kamwe, akiba yake iko kwenye vijiti na majani. Kateni kidogo tu, theluthi moja basi, mwishoni mwa mvua ndefu kuelekea Julai na Agosti ambapo hewa ndiyo ya ubaridi kuliko nyakati zote za mwaka. Vijiti vikavu, vilivyosagana na vinavyoelekea ndani ndivyo vya kwanza. Baada ya wiki sita au saba mtaona maua ambayo ndiyo bora ya mwaka mzima. Ua lililonyauka likateni hapo hapo.

Mbolea ni kidogo kidogo. Ukonzi mmoja wa samadi iliyooza kila mwezi unatosha, na Februari na Machi pumzisheni. Mti ulio katika dhiki ya joto haulishwi kwa nguvu. Udongo wote ubadilisheni kila baada ya miaka miwili.

Vijiti kumi na viwili

Mapema mwaka 2022 rafiki yangu alinipigia simu. Ndugu walikuwa wamekubaliana kuiuza nyumba ya Kibokoni, na Bi Mkubwa angehamia kwa bintiye Tudor, orofa ya nne. Debe lilikuwa limeoza kitako. Mizizi ilikuwa imepitia matundu ya kutu na kuingia katika nyufa za sakafu, na kila walipolitikisa lilikuwa likikatika vipande. Mwaridi wenyewe usingehamika. Mnunuzi angekabidhiwa nyumba mwishoni mwa Agosti.

Nilikwenda Machi nikakata vijiti kumi na viwili, nikavichomeka kwenye mchanga na kuviweka kwenye roshani yangu. Vyote viliungua ndani ya siku tisa. Bi Mkubwa aliponiuliza nilimwambia vinaendelea, na uongo huo ulinisumbua kuliko vijiti vyenyewe.

Mwanzoni mwa Julai nilirudi na mkasi. Safari hii nilichagua vijiti vya unene wa kalamu ya risasi, ambavyo ua lake lilikuwa ndiyo kwanza limepukutika. Nilikata urefu wa sentimita 15 hadi 20, chini kidogo ya kifundo, nikaacha majani mawili ya juu na kuondoa mengine. Nikavichomeka hadi nusu katika mchanganyiko wa mchanga wa mto na vumbi la makumbi yaliyosuuzwa. Juu nilifunika kwa chupa za maji za lita tano zilizokatwa kitako, vifuniko nimevilegeza, na vyombo nikaviweka mahali penye mwanga bila jua kali. Mchanga uwe na unyevu, usiwe tope. Kisha usivivute kutazama kama vimeota. Mke wangu alinikamata nikivuta kimoja siku ya kumi, nacho ndicho kilichokuwa cha kwanza kufa.

Wiki ya tano machipukizi mekundu yalianza kuonekana. Hadi tarehe 20 Agosti vilikuwa vimebaki saba, na nilipokigusa kimoja kilishikilia mchanga. Siku kumi baadaye nyumba ilikabidhiwa. Mafundi waliingia na nyundo juma lilelile, na uani sasa pana mashine ya maji.

Miche miwili niliipeleka Tudor mwezi wa Novemba, katika ndoo za rangi za lita 20 zilizopakwa chokaa. Roshani ya huko inatazama mashariki. Bi Mkubwa aliitazama kwa muda, akaingiza kidole kwenye udongo, akanyamaza. Kisha akaniuliza wale ndugu zao wa Machi walikuwa wakiendeleaje.

Ua la kwanza lilifunguka Januari, dogo, limepauka kwa joto, na likapukutika siku ya pili. Mwezi wa Agosti mwaka 2023 mjukuu wake wa kike aliolewa. Kwenye kikuba chake asumini zilinunuliwa sokoni. Waridi zilitoka kwenye ndoo.